Kupima Siha Baada ya Miaka 40

Mtu aliyefika umri wa miaka 40 bila ya kulazwa hospitali hata siku moja, anayekula akashiba, akalala akaamka, akaenda kazini na kurudi kwa miguu yake, ana haki ya kumshukuru Mungu kwa neema hiyo. Lakini hana haki ya kudhani kuwa kutougua ndiko kuwa mzima, kwa sababu maradhi yanayowaondoa watu wengi duniani katika nusu ya pili ya umri, yaani shinikizo la damu, kisukari, maradhi ya figo na baadhi ya saratani, yana tabia moja ya pamoja, nayo ni kuingia mwilini bila ya hodi na kukaa humo miaka mingi bila ya kumsumbua mwenyewe. Nahodha hatupi bildi majini kwa kuwa ameuona mwamba. Huitupa kwa kuwa hauoni, ilhali anajua kwamba pwani ile ina miamba. Hiyo ndiyo kazi ya vipimo ninavyotaka kukueleza, msomaji wangu uliye katika makamo, au uliyekwisha kuingia uzeeni, au uliye na wazazi wa umri huo.

Kabla ya kuvitaja, sina budi kutanguliza shuruti moja ambayo kwa maoni yangu ndiyo mizani ya jambo zima: usikubali kupimwa kitu chochote mpaka uwe umeelezwa na tabibu wako ni tendo gani litakalofuata jibu likiwa baya, na ni lipi litakalofuata jibu likiwa jema. Shuruti hii si yangu. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha Wilson na Jungner kilichoweka kanuni 10 za kuwapima watu wasio na dalili, na miongoni mwa kanuni hizo ni kwamba maradhi yanayotafutwa yawe mazito, yawe na kipindi cha kujificha ambacho kipimo kinaweza kukifichua, yawe na tiba inayokubalika, na vifaa vya uchunguzi na vya tiba hiyo viwepo. Zaidi ya nusu karne imepita na kanuni hizo hazijachakaa. Kilichozidi ni wafanyabiashara wasiozijua, au wanaojifanya hawazijui.

Siku hizi hospitali na maabara nyingi za watu binafsi huuza vifurushi vya kupima mwili mzima, vyenye orodha ndefu ya majina, na watoto walioko Muscat au Uingereza hutuma fedha ili baba na mama walioko Tanga au Unguja wakapimwe kila kitu. Upendo huo haukosi thawabu, lakini kila kitu si jina la kipimo. Kadiri vipimo vinavyoongezwa bila ya sababu ndivyo linavyozidi kuwa yakini kwamba kimoja kitatoka na kasoro isiyo na maana, na kasoro hiyo itazaa kipimo kingine, na hicho kitazaa wasiwasi, na mzee aliyekwenda akicheka atarudi nyumbani akiwa mgonjwa wa karatasi. Taasisi ya Cochrane, katika mapitio yake ya mwaka 2019, ilikusanya majaribio 17 ya upimaji wa jumla wa namna hii, yenye watu zaidi ya 250,000, na haikuona kuwa waliopimwa walipungukiwa na vifo kuliko wasiopimwa. Ni kweli kwamba majaribio hayo yalifanywa katika nchi ambazo watu walikwisha kuzoea kuonana na daktari wao na kupimwa presha hata wakienda kwa sababu ya kikohozi, na mimi siamini kwamba hukumu hiyo inamwangukia sawasawa mvuvi wa Kilwa ambaye hajafungwa mkanda wa presha mkononi tangu kuzaliwa. Lakini inatosha kutufundisha kuchagua.

Liko na lingine lililo baya zaidi, nalo ni ile mashine ndogo inayozungushwa mitaani na maofisini na wauzaji wa virutubisho, ambapo mtu hushikishwa kijiti cha chuma kwa dakika moja au mbili, kisha hutolewa karatasi inayodai kuonyesha hali ya ini, ya figo, ya mifupa, ya kongosho na ya nguvu za kiume. Hapana kijiti cha chuma kiwezacho kuyajua hayo kwa kushikwa na kiganja. Angalia tu kwamba anayepima ndiye anayeuza dawa, na kwamba hapana anayeambiwa kuwa hana hitaji la kununua.

Sasa tuje kwenye vile vinavyostahili. Kipimo cha kwanza kwa heshima na kwa manufaa ni cha shinikizo la damu, ambalo tumezoea kuliita presha. Huchukua dakika chache, hakitoboi ngozi, gharama yake ni ndogo au si kitu, na hupatikana katika zahanati ya kijijini kama kinavyopatikana katika hospitali kubwa za Muhimbili au Mnazi Mmoja. Mkanda unaofungwa mkononi ulibuniwa na tabibu wa Kitaliano, Scipione Riva-Rocci, mwaka 1896, na sauti zinazosikilizwa chini ya mkanda huo zikaelezwa na Mrusi, Nikolai Korotkov, mwaka 1905, hata ikawa sasa nguvu ya damu yaweza kujulikana bila ya kuufungua mshipa. Jibu huja kwa tarakimu mbili: ya juu ni nguvu ya damu moyo unaposukuma, na ya chini ni nguvu yake moyo unapotulia. Zikiwa chini ya 120 kwa 80, ni njema. Ya juu ikifika 140 au ya chini ikifika 90, na ikawa hivyo katika siku mbili mbalimbali, huo ni ugonjwa wa kutibiwa. Aliye kati ya hapo hana ugonjwa, bali amepewa notisi.

Kipimo hiki chepesi ndicho kinachoharibiwa na haraka kuliko vyote. Mtu hutoka juani akihema, amebanwa na mkojo, amekunywa kahawa barazani dakika 10 zilizopita, akakalishwa kwenye benchi lisilo na mgongo, akafungwa mkanda juu ya shati, na huku anaulizwa habari za nyumbani. Tarakimu zitakazopatikana hapo ni za safari yake, si za mishipa yake. Kwa hiyo idai haki yako kwa upole. Enda haja ndogo kwanza. Usivute sigara wala usinywe kahawa au chai kwa nusu saa. Keti dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili zimegusa sakafu bila ya kukunja nne. Mkono uwe mtupu, umelazwa juu ya meza usawa wa moyo. Na mkanda unapojaa, usiseme wala usisemeshwe. Pimwa mara mbili, kwa nafasi ya dakika moja au zaidi. Mara ya kwanza ipimwe mikono yote miwili, na mkono uliotoa tarakimu kubwa ndio utakaotumika siku zote. Mwenye mkono mnene aombe mkanda mpana, maana mkanda mdogo humzidishia presha asiyokuwa nayo; na mzee anayeona kizunguzungu akiinuka apimwe tena akiwa amesimama, kwa sababu presha inayoporomoka wakati wa kusimama ndiyo inayowaangusha wengi msalani usiku. Mabanda ya afya katika maonyesho ya Sabasaba na Nanenane ni mahali pema pa kuanzia kwa mtu asiyepata kupimwa maishani, lakini kwa joto, msongamano na vumbi la huko, tarakimu utakayopewa ichukue kuwa ni mwaliko wa kwenda kituoni kupimwa upya.

Imani mbili zinawaua watu wetu katika mlango huu. Ya kwanza ni kwamba presha husikika: kwamba ikipanda kichwa kitauma, na kisipouma haikupanda. Presha kubwa aghalabu haiumi popote, na wengi walioipata habari yake kwa mara ya kwanza waliipata siku ya kiharusi. Ya pili ni ya yule aliyekwisha kupewa dawa, akazimeza mwezi mmoja, akapimwa akaambiwa yuko sawa, akaziacha kwa furaha ya kupona. Dawa hizo haziondoi presha, huishika; na ikiwa tarakimu zimekaa vizuri, hizo ndizo zinazozikalisha. Kwa asiye na ugonjwa, apime mara moja kila mwaka baada ya miaka 40. Na aliye nao na asiye nao wote wapunguze chumvi, ambayo Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote pamoja, ikiwemo ile iliyojificha katika mkate, samaki wa ng'onda na mchuzi wa vidonge.

Kisukari kinafuata, na mara nyingi huandamana na presha katika nyumba moja na katika mwili mmoja. Kipimo kinachoaminika ni cha damu iliyochukuliwa asubuhi baada ya kufunga kula kwa saa 8 au zaidi. Na hapa niwakumbushe wenye mazoea ya kufunga Jumatatu na Alhamisi kwamba mfungo wa maabara haukatazi maji, hivyo kunywa maji yako, ila chai isiyo na sukari nayo iache. Kwa vipimo vya milimoli (mmol) kwa lita, jibu lililo chini ya 5.6 ni salama; 7.0 na kuendelea ni kisukari, endapo kipimo kimerudiwa siku nyingine na jibu likawa lile lile; na katikati ya hapo ni daraja la hadhari, ambapo mtu akipunguza uzito na kutembea kwa bidii anaweza kurudi nyuma. Kiko pia kipimo cha HbA1c, kisichohitaji kufunga, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili au mitatu iliyopita, na 6.5 kwa mia ndiyo mpaka wa ugonjwa. Lakini kwa kuwa kinasomwa katika chembe nyekundu za damu, mwenye selimundu au upungufu mkubwa wa damu anaweza kupewa jibu la uongo, na katika pwani yetu hao si wachache, basi na aseme mapema. Asiye na ugonjwa apime kila miaka mitatu, na mnene, au mwenye presha, au mwenye mzazi au ndugu mwenye kisukari, apime kila mwaka. Aliyekwisha kuthibitika kuwa nacho, na ana nia ya kufunga Ramadhani, asingoje mwandamo: aonane na daktari wake katika Rajabu au mwanzoni mwa Shaaban, ili nyakati na kadiri za dawa zipangwe, au aambiwe kwa ukweli kwamba mwaka huu ana ruhusa ya kula.

Kuhusu figo sitasema mengi. Mwenye presha au kisukari apimwe kreatinini katika damu na protini katika mkojo kila mwaka, kwa kuwa maradhi hayo mawili ndiyo yanayoongoza kuziharibu. Ila niongeze neno juu ya vidonge vya maumivu ya magoti na kiuno, diklofenaki na jamaa zake, ambavyo wazee wetu huvinunua dukani na kuvimeza miezi na miaka bila ya kuambiwa kwamba vinapandisha presha na vinaumiza figo. Siku ya kwenda hospitali, tia dawa zako zote katika mfuko mmoja, za daktari, za dukani na za mitishamba, umwonyeshe tabibu. Mfuko huo utamfundisha zaidi kuliko maabara.

Kwa wanawake, kipimo ambacho faida yake haina mjadala ni cha saratani ya shingo ya kizazi, maana saratani hii hutanguliwa na mabadiliko yanayochukua miaka mingi kabla ya kuwa saratani, na mabadiliko hayo yakionekana huondolewa kwa tiba ya muda mfupi, mara nyingine siku ile ile. Katika vituo vyetu vingi shingo ya kizazi hupakwa siki nyepesi na muuguzi akatazama kwa macho kama pana doa jeupe. Ni njia ya bei nafuu na jibu lake halilali. Lakini mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi ajue kwamba sehemu inayotakiwa kutazamwa huwa imerudi ndani, kwa hiyo siki haimfai sana, na aulizie kipimo cha HPV (kirusi kinachosababisha saratani hii), ambacho Shirika la Afya Duniani linakipendelea kuanzia miaka 30, kila baada ya miaka 5 hadi 10, na kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI kuanzia miaka 25, kila miaka 3 hadi 5. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba mama anaweza kuichukua sampuli mwenyewe, kwa stara, nyuma ya pazia, kwa kijiti laini anachopewa, na wengi waliokuwa wakikimbia kitanda cha uchunguzi kwa haya hawana tena udhuru. Aliyepata majibu mema mawili mfululizo akapita miaka 50 anaweza kupumzika. Ama titi, picha ya mamografia kila miaka miwili kati ya miaka 50 na 69 ndiyo kanuni panapokuwa na mashine na mtu wa kuisoma, jambo ambalo nje ya miji mikubwa ni adimu. Kinachowezekana kila mahali ni mwanamke kuyajua matiti yake na kwenda kituoni mara aonapo uvimbe, hata usiouma, kwa maana usiouma ndio wa kuogopwa zaidi.

Kwa wanaume, habari ya tezi dume ina utata, na anayekwambia ni nyepesi hakukutendea haki. Kipimo cha damu kiitwacho PSA hupanda kwa saratani, lakini hupanda pia kwa tezi iliyokua kwa umri tu, kwa maambukizi ya mkojo, hata kwa tendo la ndoa la usiku uliotangulia. Na miongoni mwa saratani kinazozigundua ziko zinazokua polepole mno hata mwenye nazo angekufa mzee sana kwa sababu nyingine, ilhali upasuaji wake waweza kumwachia mkojo usiozuilika na unyumba ulioharibika. Kwa upande mwingine, wanaume weusi hupatwa na saratani hii zaidi na mapema zaidi kuliko wengine, na kwetu wengi hufika hospitali ikiwa imekwisha kuingia mifupani. Kwa hiyo shauri langu ni hili: ukifika miaka 50, au mapema zaidi, kati ya 40 na 45, ikiwa baba yako au ndugu yako wa kiume alipatwa, keti na daktari mzungumze kabla ya kutoa damu, mkubaliane tarakimu ikiwa kubwa mtafanya nini, na baada ya miaka 70 usikitafute kipimo hiki bila ya sababu. Kama daktari ataona haja ya kukupima kwa kidole, ni kazi isiyotimia dakika moja; wahenga waliosema mficha uchi hazai walikuwa wanasema na wanaume pia.

Yapo ya kupita haraka. Damu katika choo baada ya miaka 45 isiitwe bawasiri mpaka daktari awe ameiona, kwa maana wauza dawa za bawasiri hawaulizi umri. Homa ya ini ya aina ya B ipimwe mara moja, kwa kuwa watu wa umri huu hawakuchanjwa utotoni, na asiye nayo achanjwe. Virusi vya UKIMWI navyo haviulizi cheti cha kuzaliwa, na mjane au mtalaka anayetaka kuoa au kuolewa tena akiwa na miaka 60 apime pamoja na mwenzake.

Macho yanastahili kituo kirefu zaidi. Upofu wa mtoto wa jicho una marejeo, kwani lenzi iliyochafuka hutolewa ikatiwa nyingine na mtu akaona. Upofu wa glakoma hauna marejeo kabisa. Nayo glakoma, ambayo huwapata watu weusi kwa wingi na mapema zaidi, haina uchungu wala wekundu. Hula uwanja wa kuona kuanzia pembeni, na mwenye nayo hujikwaa mlangoni akalaumu giza. Baada ya miaka 40 pimwa macho kila miaka miwili au mitatu, na kila mwaka ikiwa una kisukari au una ndugu wa damu mwenye glakoma. Kupewa miwani ya kusomea sokoni si kupimwa macho, wala kupimwa nguvu ya maji ya jicho peke yake hakutoshi. Mtaalamu lazima autazame mshipa wa fahamu ulio nyuma ya jicho, kazi inayofanywa CCBRT Dar es Salaam, KCMC Moshi, na katika kliniki za macho za hospitali nyingi za mikoa.

Na mzee wa nyumbani unaweza kumpima wewe mwenyewe, barazani, bila ya mashine. Aketi kitini, ainuke, atembee mita 3 kwa mwendo wake wa kawaida, ageuke, arudi, aketi. Akichukua sekunde 12 au zaidi, yumo katika hatari ya kuanguka, na kuanguka kwa mzee ni nyonga iliyovunjika na miezi ya kitandani: basi tengeneza taa ya njia ya msalani, ondoa mkeka unaoteleza, na mpeleke akaangaliwe miguu, macho na dawa anazomeza.

Kwa safari yenyewe, nunua daftari moja la kurasa nyingi, andika humo tarehe, tarakimu na jina la kituo, na usiliache hospitali. Tanzania Bara, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa ni mwenye miaka 60 na zaidi, na asiyejiweza ana haki ya kutibiwa bila ya malipo; achukue barua ya serikali ya mtaa au ya kijiji na kitambulisho, kisha aulize liliko dirisha la wazee. Kenya, mzee ahakikishe jina lake limo katika mfumo wa bima ya afya wa SHA ulioshika nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Mwenye bima yoyote aulize kabla ya kupimwa, si baada ya kupewa risiti.

Jibu likiwa baya, usilipokee peke yako wala usilifiche. Omba lirudiwe kuthibitishwa, uliza majina ya dawa na muda wake, nenda na mwana au mwenzi atakayesikia yale masikio yako yatakayoyakataa, na usiuze ng'ombe wala shamba kwa hofu ya usiku wa kwanza. Na mzee aliyevuka miaka 80, aliyechoka, mwenye maradhi mengine mazito, asikokotwe kutafutiwa saratani ambayo hapana atakayemtibu wala haitamuwahi. Huyo mpimeni presha akiwa ameketi na akiwa amesimama, mwangalieni macho, masikio, meno na nyayo, mpunguzieni vidonge visivyo na kazi kwa shauri la daktari, na mengine mwulizeni mwenyewe kama anayataka.